Marekani: Msitu wa miti mirefu kuliko yote duniani unaumia chini ya nyayo za wanaoupenda

Mgeni anayefika kulala katika hifadhi ya Redwood, kaskazini mwa jimbo la California nchini Marekani, hupewa maonyo mengi kabla ya kukunjua hema lake. Kuna onyo kuhusu dubu na kuna onyo kuhusu moto. Lakini onyo linalowashangaza wengi ni lile la makombo ya mkate.

Kombo moja likianguka chini ya meza, humvuta kunguru. Kunguru akishazoea kula mezani pa wageni, hubaki karibu na kambi, huzaana kwa wingi, na msimu wa kutaga ukifika huzunguka matawini akitafuta mayai ya ndege wengine. Anayeumia zaidi ni mureleti, ndege mdogo wa baharini ambaye hutaga yai moja tu juu ya tawi pana la mti mkongwe, wakati mwingine makumi ya kilomita kutoka ufukweni. Yai hilo likiliwa, kwa kawaida mwaka umepotea. Tangu mwaka 1992 serikali ya Marekani imemweka ndege huyo katika orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka.

Kwa hiyo mtu aliyesafiri mamia ya kilomita kwa sababu anaupenda msitu anaweza kuudhuru kwa kipande cha biskuti. Hifadhi ya Redwood hupokea watu zaidi ya laki nne kwa mwaka, na swali linalowasumbua wanaoilinda ni hili: watu waendelee kuja kwa namna gani, bila msitu kuharibika?

Miti yenye urefu wa ghorofa 35

Miti inayowavuta watu hao ni jamii ya sekoya. Wamarekani huiita redwood, maana yake mti mwekundu, kwa sababu ya rangi ya mbao yake. Huota katika ukanda mwembamba wa pwani ya bahari ya Pasifiki, wenye urefu wa kilomita zipatazo 700, kutoka kusini mwa jimbo la Oregon hadi katikati ya California.

Mrefu kuliko yote unaitwa Hyperion. Uligunduliwa Agosti 2006 na watafiti wawili wa miti, Chris Atkins na Michael Taylor, na umepimwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 115. Ni sawa na jengo la ghorofa 35. Kwa kulinganisha, mti mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika uko katika bonde moja la mlima Kilimanjaro, Tanzania, na una mita 81.5. Huo ni mkukusu, ndugu wa miti ambayo wakata mbao wa Congo huijua kwa majina ya sapelli na sipo.

Jambo la ajabu ni kwamba jitu hilo huanza na mbegu ndogo kama ya nyanya, ndani ya koni isiyozidi ukubwa wa zeituni. Tena mizizi yake haiendi chini sana. Hushuka mita mbili hadi nne tu, kisha hutambaa pembeni mita 30 au zaidi, ikishikana na mizizi ya miti ya jirani. Mti mmoja ukisimama peke yake, upepo unaweza kuuangusha. Ikisimama pamoja, hushikana chini kwa chini kama watu wanaovuka mto wenye nguvu.

Maji hayatoki kwenye mvua peke yake. Kiangazi, mvua inapokatika, ukungu wa baharini huingia bara mara kwa mara. Majani huukamata, matone huanguka chini, na udongo hupata kinywaji. Gome lake, ambalo linaweza kufikia unene wa sentimita 30, huukinga mti na moto mwingi wa kawaida, na kemikali zilizomo ndani ya mbao huzuia wadudu na kuoza. Ndiyo maana baadhi ya miti hii imeishi zaidi ya miaka 2,000.

Juu kabisa, ambako mgeni aliye chini hawezi kuona, kuna msitu mwingine. Majani yaliyokufa hujikusanya katika panda za matawi na kugeuka udongo. Katika udongo huo huota kangaga na vichaka, na kuna salamanda wanaoishi huko makumi ya mita hewani.

Hema la hiari

Kwa msomaji wa Goma, Bunia au Bukavu, neno hema lina uzito wake. Hema na turubai ni makao ya waliokimbia vita, na hakuna aliyewahi kulipa ili kulala humo. California hema ni pumziko. Familia huweka nafasi kwa njia ya intaneti hadi miezi sita kabla, hulipa kama dola 35 kwa usiku, na kwenda kulala chini kwa hiari yao.

Hifadhi ina kambi nne zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Ya Jedediah Smith iko kando ya mto Smith, mto wenye maji safi ya kijani ambao haujazibwa na bwawa lolote kubwa. Ya Mill Creek iko katika msitu uliochipuka upya baada ya kukatwa, na hufungwa wakati wa baridi. Ya Elk Prairie iko pembeni mwa uwanda wa nyasi ambako elki, kulungu wakubwa kama ng'ombe, huja kulisha asubuhi na jioni. Ya Gold Bluffs Beach iko ufukweni kabisa, mchanga chini na mawimbi usiku kucha.

Kwa jumla kambi hizo zina nafasi zaidi ya 300, na kila nafasi hupokea watu wasiozidi wanane. Wanakuta meza, pete ya chuma ya kuwashia moto, na sanduku la chuma lenye mlango ambao dubu hawezi kuufungua. Umeme wa kuunganisha gari au hema hakuna. Mtandao wa simu katika sehemu kubwa ya msitu pia hakuna. Miezi ya Juni, Julai na Agosti nafasi hujaa, na anayefika jioni bila kuweka nafasi anaweza kujikuta akitafuta hoteli katika mji wa Crescent City.

Safari yenyewe ni ndefu. Kutoka San Francisco hadi lango la kusini, karibu na kijiji cha Orick, ni kama kilomita 500 kwa barabara namba 101, mwendo wa saa sita hivi kwa gari. Kuingia katika sehemu inayosimamiwa na serikali kuu hakulipiwi. Baadhi ya maeneo yanayosimamiwa na jimbo hutoza ada ya gari.

Wageni wengi hukosea jambo moja. Wakisikia California hufikiria jua na fukwe za joto, wakaja na nguo nyepesi. Pwani hii ni ya ukungu na baridi. Kwa mwaka mzima joto mara nyingi huwa kati ya nyuzi 5 na 16, na mvua kubwa hunyesha kuanzia Oktoba hadi Aprili. Aliyewahi kuamka alfajiri Lubero au Minembwe anaijua baridi ya aina hiyo. Anayekuja kulala anahitaji blanketi nzito au mfuko wa kulalia, koti la mvua, na hema lisilopitisha maji, kwa sababu hata siku isiyo na mvua miti hudondosha matone ya ukungu.

Sheria za kambi ni chache na zina sababu. Chochote chenye harufu, kuanzia nyama mpaka sabuni na dawa ya meno, hufungiwa ndani ya sanduku la chuma. Dubu akishaonja chakula cha watu hurudi tena na tena, na mara nyingi safari zake huishia kwa kupigwa risasi. Kuni haziokotwi msituni, kwa sababu mti unaooza ni chakula cha udongo na nyumba ya wadudu. Hununuliwa kambini, wala hazibebwi kutoka mbali, zisije zikaleta magonjwa ya miti. Elki hawasogelewi, hasa dume wakati wa kupandana na jike mwenye mtoto. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hakuna kelele.

Kisha yako yale makombo. Mgeni huombwa afute meza, aokote kila punje ya wali na kila ganda la karanga, na asiwape ndege chochote hata wakimwomba kwa macho.

Mti uliofungiwa wageni

Onyo la makombo ni jepesi likilinganishwa na yaliyoupata mti wa Hyperion.

Watafiti walioupata waliamua kutotangaza mahali ulipo. Hakuna njia rasmi inayofika huko, na hifadhi haikuweka kibao chochote. Lakini katika zama za intaneti siri kama hiyo haidumu. Ramani na maelezo vilisambaa, na wasafiri wakaanza kupasua njia zao wenyewe kupitia vichakani ili wapige picha chini ya mti mrefu kuliko yote duniani.

Matokeo yalionekana haraka. Kangaga zilizokuwa zikifunika shina zilikanyagwa mpaka zikatoweka. Udongo ulishindiliwa juu ya mizizi ambayo, kama ilivyoelezwa, haiko mbali chini. Walinzi walikuta takataka, karatasi za chooni na kinyesi cha watu. Kwa kuwa hakuna mtandao wa simu, mtu akiumia huko anaweza kukaa saa nyingi kabla ya kufikiwa.

Mwaka 2022 uongozi wa hifadhi ulitangaza kwamba eneo la Hyperion limefungwa. Anayekamatwa humo anaweza kutozwa faini hadi dola 5,000 na kufungwa jela hadi miezi sita. Walinzi waliongeza maelezo ambayo wengi hawakuyategemea: mtu akisimama chini ya Hyperion hauoni urefu wake. Huona shina tu, tena lililo jembamba kuliko ya miti mingine mingi iliyo wazi kwa wageni. Kilele kimefichwa na matawi.

Mahali pengine hifadhi ilichagua njia tofauti. Katika bustani ya jimbo ya Jedediah Smith kuna kundi la miti minene mno lililopata umaarufu kwa jina la Grove of Titans, nalo lilianza kukanyagwa kwa namna ileile. Badala ya kulifunga, wasimamizi walijenga daraja la kutembelea lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye urefu wa karibu mita 400, lipite katikati ya miti bila kugusa mizizi. Mgeni hufika karibu kabisa, lakini udongo haumjui.

Maeneo mengine mawili huendeshwa kwa vibali. Tall Trees Grove hufikiwa na magari machache kwa siku, na anayepata kibali hupewa namba ya kufungulia lango. Fern Canyon, korongo ambalo kuta zake zimefunikwa na kangaga toka chini hadi juu na ambalo lilionekana katika filamu ya pili ya Jurassic Park mwaka 1997, huhitaji kibali cha kuegesha gari miezi ya kiangazi. Vibali hivyo huombwa mapema. Asiye navyo bado ana njia nyingi, ikiwemo ile fupi na rahisi ya Lady Bird Johnson Grove, ya kilomita mbili na nusu hivi, ambayo hata wazee na watoto huitembea.

Karanga ya tani tisa

Kabla ya nyayo za wageni, msitu huu ulikutana na msumeno.

Dhahabu ilipogunduliwa California katikati ya karne ya 19, miji ilihitaji mbao. Sekoya ilifaa kuliko miti mingi: imenyooka, haiozi haraka, na mti mmoja hutoa mbao za nyumba nyingi. Inakadiriwa kwamba misitu hiyo ilikuwa na eneo la hekta zaidi ya laki nane. Leo asilimia tano tu ya miti ya kale ndiyo iliyobaki, na karibu nusu ya iliyohifadhiwa iko ndani ya hifadhi hii na bustani tatu za jimbo zilizoungana nayo.

Chama cha Save the Redwoods League kiliundwa mwaka 1918 na kuanza kununua misitu kipande kwa kipande, na bustani tatu za jimbo zikazaliwa katika miaka ya 1920. Hifadhi ya taifa yenyewe ilikuja baadaye, Oktoba 1968, rais Lyndon Johnson alipotia sahihi sheria. Lakini mipaka ilikuwa finyu. Makampuni yaliendelea kukata miti kwenye milima iliyo juu yake, na mvua zikashusha udongo na mawe mtoni mpaka miti mirefu ya bondeni ikawa hatarini. Ilipopendekezwa kupanua hifadhi, wakataji mbao walikataa.

Mwaka 1977 wafanyakazi wa mbao walipanga msafara wa malori kuvuka nchi nzima hadi Washington. Juu ya lori moja walibeba gogo la sekoya la tani zipatazo tisa, lililochongwa kama karanga. Rais wa wakati huo, Jimmy Carter, alikuwa mkulima wa karanga, na ujumbe wao ulikuwa kwamba kwake yeye hili linaweza kuwa dogo kama karanga, lakini kwao ni ajira. Ikulu haikuipokea zawadi hiyo. Karanga ilirudishwa na kuwekwa Orick, na Machi 1978 sheria ya kupanua hifadhi ikasainiwa.

Sheria hiyo ilikuwa na fungu la fidia kwa waliopoteza kazi, na viongozi waliahidi kwamba utalii ungechukua nafasi ya msumeno. Orick haikuuona utalii huo kwa kiasi kilichoahidiwa. Viwanda vya kupasua mbao vilifungwa, vijana waliondoka, na kijiji kilichokuwa na watu zaidi ya elfu mbili kimebaki na mia chache. Watalii hupita na magari yao wakielekea kambini, wakiwa wameshanunua chakula chao mjini.

Jeraha hilo lina matokeo msituni. Kwenye mashina ya sekoya huota nundu kubwa zenye mbao ya madoadoa, ambayo maseremala huipenda kwa meza na saa za ukutani. Nundu hizo pia ni akiba ya mti: ndimo zilimo chipukizi zinazoweza kuufufua mti baada ya moto au dhoruba. Wezi huingia usiku na misumeno ya mota kuzikata. Mwaka 2014 wizi ulizidi hata hifadhi ikaamua kufunga usiku barabara moja maarufu inayopita katikati ya miti ya kale. Baadhi ya waliokamatwa katika kesi za miaka hiyo walikuwa watu wa eneo lenyewe.

Hali hiyo wakaaji wanaoishi kando ya Virunga wanaielewa bila kuelezwa. Hifadhi ikizungukwa na watu wasioona faida yake, mlinzi mwenye bunduki hawezi kuwa kila mahali, na makaa au mbao vitatoka tu.

Wenyeji warudishiwa kipande

Kabla ya wakata mbao na kabla ya watalii walikuwepo Wayurok, Watolowa na majirani zao. Wayurok hujenga nyumba kwa mbao za sekoya na kuchonga mitumbwi kutoka gogo moja la mti huo, kazi ambayo inaendelea mpaka leo. Kwa desturi yao mti ulioanguka wenyewe ndio hutumika zaidi.

Karne ya 19 iliwanyang'anya karibu kila kitu. Wachimba dhahabu na walowezi waliua, wakachoma vijiji, na waliobaki wakasukumwa katika maeneo madogo. Juni 2019 gavana wa California, Gavin Newsom, aliomba radhi kwa niaba ya jimbo na kuyaita mauaji hayo kwa jina lake, mauaji ya kimbari.

Machi 2024 kilitiwa sahihi kitu kilicho kizito zaidi ya radhi. Kabila la Yurok, chama cha Save the Redwoods League, mamlaka ya hifadhi za taifa na ile ya bustani za jimbo walikubaliana kuhusu ardhi iitwayo 'O Rew, karibu na Orick. Ni hekta zipatazo 50, zilizokuwa uwanja wa kiwanda cha mbao, zimefunikwa lami na kijito kimebanwa kama mtaro. Makubaliano yalipanga ardhi hiyo iwe mali ya Wayurok mwaka 2026, iwe lango la kuingilia hifadhi, na isimamiwe kwa ushirikiano. Mgeni atakutana kwanza na kijiji cha kimila cha Wayurok, na kusikia habari za msitu kutoka kwa wenyewe.

Kazi ilianza kabla ya sahihi. Lami iliondolewa, kijito kikarudishiwa mikunjo yake na madimbwi, maelfu ya mimea ya kienyeji ikapandwa, na samaki wachanga aina ya salmoni wakaonekana tena humo. Mwaka 2022 Wayurok na hifadhi waliwaachia pia angani kondori wa kwanza, ndege mkubwa wa mizoga ambaye hakuwa ameonekana katika eneo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hekta 50 ni kidogo sana kulinganisha na hifadhi yenye zaidi ya hekta 50,000. Hata hivyo ni mfano ambao wengi Congo wana sababu ya kuutazama. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, katika Kivu Kusini, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka uleule na Redwood, 1980. Ili iundwe na kupanuliwa katika miaka ya 1970, maelfu ya Wabatwa walitolewa msituni bila fidia ya maana. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyosema kwamba haki zao zilivunjwa na kupendekeza warudishiwe ardhi yao. Congo yenyewe ina sheria ya Julai 2022 inayolinda haki za watu wa asili. Hukumu na sheria vipo. Kinachosubiriwa ni utekelezaji, katika eneo ambalo bado linasumbuliwa na vita.

Moto na chipukizi

Kusini zaidi mwa California kuna mfano mwingine wa kile kinachoweza kutokea. Big Basin, bustani ya jimbo iliyo kongwe kuliko zote za California, ilianzishwa mwaka 1902 na vizazi vingi vilipiga kambi humo. Humo ndimo, mwaka 1974, mpanda miti alipokutana kwa bahati na kiota cha mureleti, na wanasayansi wakajua kwa mara ya kwanza kwamba ndege yule wa baharini huzalia juu ya miti mikongwe.

Agosti 2020 radi ziliwasha moto uliopita karibu katika bustani yote. Nyumba za wageni, makao makuu na kambi viliteketea. Miti mingi mikubwa ilibaki imesimama, myeusi kama makaa. Miezi michache baadaye mashina hayo yakaanza kuota manyoya ya kijani toka chini hadi juu, kwa nguvu ya chipukizi zilizokuwa zimelala chini ya gome. Bustani ilifunguliwa tena Julai 2022 kwa wageni wachache wa mchana, bila kulala.

Uwezo huo wa kuchipuka ndio unaowapa matumaini wanaoitengeneza Redwood. Sehemu kubwa ya hifadhi ni ardhi iliyokatwa zamani, ambako miti midogo imebanana mpaka hakuna unaokua vizuri. Tangu mwaka 2018 mpango wa pamoja unapunguza miti hiyo na kufuta barabara za zamani za malori, ili iliyobaki ipate mwanga. Wanaofanya kazi hiyo wanajua hawataona matokeo. Msitu wanaouandaa utafikia ukubwa wake baada ya mamia ya miaka.

Mgeni anayetembea karibu na kambi ya Mill Creek anaweza kuyaona haya bila mwongozaji. Kuna visiki vipana kama chumba, vimeoza katikati na kuota majani. Kuvizunguka imesimama miti michanga katika duara, yote imetoka katika mizizi ya mti mmoja uliokatwa. Watoto hupenda kuingia katikati ya duara hilo na kutazama juu.

Kisha hurudi mezani kula, na mkubwa mmoja hubaki nyuma na kitambaa, akikusanya makombo.